Ndoo Juu ya Ukuta

Ndoo ya bluu ilikuwa juu ya ukuta wa uani, mdomo chini.

Fundi cherehani aliiona kupitia dirishani, sindano ikamchoma kidole, wala hakusikia maumivu. Mahali pa ndoo ile ni kando ya bomba. Walikubaliana kwa kunong'ona, pale buchani, kisu kikikata nyama bila kupumzika: siku ndoo ikipanda ukutani, njoo mbio, usiulize.

Akaitupa nguo aliyokuwa akishona, akavuka ua mbio.

"Hodi! Majirani, mpo?"

Mke wa mwenye bucha akafungua mlango, nusu tu. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Nimejigonga kabatini," alisema kabla hajaulizwa.

Kabati! Lo, makabati nayo yana ugomvi gani na watu? Nyuma yake alisimama mumewe, pande la mtu, mwenye mikono inayopasua mifupa ya ng'ombe kutwa, shati amelifunga vifungo hadi shingoni na joto lote lile. Hakusalimia. Aliwatazama tu.

Fundi akaogopa, hasa. Lakini kilichokuwa kichwani mwake ni kimoja: hawa wawili watenganishwe, sasa hivi, kabla hakijatokea cha kutokea. Akajilazimisha kucheka.

"Shoga yangu, niazime mume. Cherehani yangu imekwama mlangoni, inataka mtu wa miraba minne."

"Hawezi. Amechoka."

"Dakika mbili tu, jamani!"

"Nimesema amechoka."

"Basi nipige kelele mtaa mzima uje unisaidie?" Bado alikuwa anacheka, ila macho yake hayakucheka.

Mke akageuka, akamtazama mumewe. Mume akatazama chini. Fundi akaweka mguu kizingitini. Mlango huu ukifungwa, yamekwisha.

"Nenda," mke alisema kwa sauti ndogo. "Usikawie."

Mwenye bucha akatoka. Fundi akatangulia bila kugeuka, akisikia hatua zile nzito nyuma yake, mpaka wakaingia chumbani kwake. Akafunga mlango, akasukuma komeo.

Pande lile la mtu likakaa sakafuni na kuanza kulia.

"Nilidhani hukuiona ndoo yangu," alisema. "Dada, nakuomba, usinirudishe kwake."