Upepo Hupanda Juu

“Kanyaga!” mume wangu aliita kutoka chini ya gari. Nikakanyaga breki, ikazama kama nimekanyaga godoro.

Alikuwa amezifungua mwenyewe kalipa za mbele, zile zinazobana diski za magurudumu, akazisafisha, akazirudisha. Kuita fundi hataki. Sasa tulikuwa tunatoa upepo kwenye breki, na upepo hauishi.

Nikashuka nione. Ndani ya chupa ya mafuta ya breki, kiputo kilikuwa kikipanda taratibu.

“Mume wangu, kama upepo hupanda juu, mbona skrubu ya kuutolea iko chini?”

Akachungulia upande wa pili. Nako iko chini.

“Kalipa ya kulia nimeifunga kushoto, ya kushoto kulia.”

Nikacheka. Yeye hakucheka.

“Jana kaka yako nilimfungia za gari lake hivi hivi. Nikamwambia breki zikizama, zitazoea.”

Juu ya mteremko unaoshukia kwetu, honi ya gari la kaka yangu ikaanza kulia, na haikunyamaza.