Kidole cha Bi Kidawa

"Kidole gumba, bibi," alisema karani wa kampuni ya simu.

Bi Kidawa alikifuta kwanza kwenye kanga. Alikionea haya. Miaka arobaini ya kusuka ukili ilikuwa imekisugua, na yule kijana aliyemsajilia laini sokoni alihangaika nacho kweli: "Hakisomi, bibi. Weka tena." Aliweka mara sita, akiomba radhi kila mara, na mwisho akamwachia maembe mawili kwa usumbufu.

"Kina taabu, mwanangu," alimwambia karani. "Usichoke."

Akakiweka. Mashine ikawaka kijani papo hapo.

Karani akamgeukia askari aliyemleta bibi. "Laini sita, zote kwa jina lake. Ile iliyotapeli watu ni mojawapo."

"Mimi nina hii moja tu," alisema Bi Kidawa, akifungua pindo la kanga kuwaonyesha simu yake.

"Najua, bibi," alisema askari kwa upole. "Lakini kidole ni chako."

Akamsogezea karatasi ya maelezo na wino. "Weka dole hapa."

Bi Kidawa alikifumbata kidole kiganjani, akakikaza, akaurudisha mkono ndani ya kanga.