Vitabu vya Majoka

Mutie alipigilia ubao wa mwisho kwenye dirisha la binti yake, akarudi nyuma kuitazama kazi yake. Hata paka hangepita.

"Baba, nitavaaje gizani?" Ndila aliuliza kutoka ndani, bila hasira.

"Utavaa tu. Wale wasichana wako wa vitabuni si huwa wanaona gizani?"

Ndila akasikika akichana nywele. Utulivu huo ndio uliomtia Mutie wasiwasi. Leo wakwe walikuwa wanaleta mbuzi wa ntheo, na mbuzi hao wakishapokewa, msichana ni mke wa mtu. Anayefungiwa chumbani siku kama hiyo angelia japo kidogo. Huyu alikuwa na jambo, na Mutie alijua jambo hilo lilikotoka. Lilitoka kwa Sauda.

Mwaka huo wa sabini na nane Sauda alikuwa na duka la nguo pale Emali. Nyuma ya vitambaa alikuwa na rafu ya vitabu vya Kiingereza vilivyochakaa, ambavyo aliwaazima watu. Kila siku ya soko Ndila alirudi na kimoja. Jioni alikisoma jikoni, akikitafsiri kwa Kikamba, mama yake Kasyoka akipukuchua mahindi na kusikiliza mdomo wazi. Majoka yanayotema moto. Wasichana wenye mapanga wanaopanda majoka mgongoni kama punda. Mutie, mzee wa kanisa na mtu aliyefika darasa la nane, alikuwa akipita mlangoni anatema mate.

"Hata wewe?" alimwambia mkewe siku moja. "Herufi moja huijui, lakini majoka unayataka. Hebu niambie, joka ni nini?"

"Joka nalijua," Kasyoka alisema, mikono ikiendelea na mahindi.

Mutie alicheka mpaka akakohoa. Jumapili aliwasimulia wazee wenzake, nao wakacheka.

Wiki moja kabla ya ntheo alikwenda dukani kwa Sauda. Hakusalimu.

"Ni wewe unayechagulia watu wa nyumba yangu takataka hizi?"

"Mimi napendekeza tu, mzee." Sauda aliendelea kukunja leso. "Naambiwa kinachotakiwa, natafuta. Joka lazima liwepo. Na mwanamke asiwe wa kungoja kuokolewa. Kuna kimoja kilirudishwa, eti mwishoni alitokea mwanamume na farasi akamaliza kazi."

"Kumbe mnarudishiana na sababu juu yake," Mutie alisema. "Kama wasomi."

"Kinachopendwa zaidi ni kile cha mke wa mfalme aliyepanda joka akaenda zake. Hicho nimekiazima mpaka jalada limetoka."

"Mke wa mfalme? Msichana hajaolewa, wake za watu wanamhusu nini?"

Sauda alimtazama kama anayetaka kusema kitu. Kisha akaiweka leso rafuni.

Mutie aliondoka akiwa na hakika kwamba Ndila anapanga kutoroka, na akijua la kufanya. Kivuva, kijana aliyemposa Ndila, alikuwa mwalimu, mtoto wa watu wa heshima kutoka Kilungu. Nyumba ya Mutie haingeaibishwa mbele ya watu hao kwa sababu ya vijoka vya karatasi.

Ndiyo maana sasa alivuta kigoda, akaketi mbele ya mlango wa Ndila, ufunguo mfukoni. Kasyoka alipita nyuma yake akisema anakwenda Emali kuchukua sukari. Mutie hakugeuza hata kichwa. Macho yake yalikuwa kwenye kitasa.

Wageni walifika kabla ya saa sita, na mbuzi wao, na nyimbo. Mutie alisimama, akafungua mlango huku amejiandaa kumdaka mtu.

Ndila alitoka polepole, nywele amechana, gauni la buluu limemkaa vizuri. Alimtafuta Kivuva kwa macho, akampata, akatabasamu. Kijana naye akatabasamu hivi kwamba wazee walianza kukohoa.

"Kwa hivyo hutoroki?" Mutie alinong'ona.

"Nitoroke niende wapi, Baba? Kivuva ni mimi niliyemtaka."

Mutie alijisikia mwepesi. Vitabu vyote vile, moto wote ule, na mwisho wake msichana ameolewa anapotakiwa kuolewa. Upuuzi mtupu, kama alivyosema siku zote. Akaketi kati ya wageni, akanyoosha miguu, akaita chai. Akaita tena, kwa ile sauti ambayo nyumbani mwake haikuwahi kuita mara mbili.

Ndila akatazama chini.

"Unamwita Mama Ndila?" aliuliza Musembi, mshenga wa akina Kivuva. "Tumepishana naye Emali, anapanda basi la Mombasa na sanduku lake. Alituambia tusiwe na haraka. Alisema wewe uko nyumbani, unalinda mlango."