Zamu ya Virginie

"Tusukume kabati ku mulango," alisema Maman Colombe, na tayari alikuwa amelikumbatia kabati kwa ubavu.

"Hapana!" Virginie alimzuia, kwa sauti kali kuliko alivyotaka. "Wakikuta mulango haifunguke, watapiga masasi. Tuache komeo peke yake."

Hakuna aliyebishana naye. Mwaka ule wa 2000, pale mtaani Kasha, kila nyumba iliijua sheria hiyo: wenye bunduki wakija, wape haraka walichofuata, upate kuiona kesho. Virginie alikuwa ameiweka bahasha katikati ya meza, karibu na taa ya mafuta, mahali ambapo hata kipofu angepapasa akaipata.

Ilikuwa pesa ya likelemba. Wanawake watano, wote wachuuzi wa soko la Nyawera, kila mwezi walichanga dola ishirini ishirini, na mwenye zamu akachukua zote. Likelemba hiyo ndiyo iliyowavusha katika vita vya kwanza, ikasomesha watoto, ikazika wafu. Sasa ilikuwa imegeuka laana. Maman Sophie alipokea mchana, usiku akavamiwa na wezi wenye bunduki. Colombe naye vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa Martine, na mumewe alipigwa kitako cha bunduki mpaka sikio moja likafa. Wezi wale hawakupekua kwa jirani wala hawakuuliza njia. Walikwenda moja kwa moja na kusema, "Leta ile ya likelemba."

Kwa Martine, Virginie ndiye aliyefika wa kwanza asubuhi, na unga na makaa, akalia kuliko wenye msiba.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanawake walisema, na macho yao yakamwangukia Jeanine. Jeanine alikuwa amekimbia vita kutoka Minova, hana ndugu Kasha, hacheki ovyo, na zamu yake ilikuwa ya mwisho kabisa. Ikatosha. Juma lililopita walimfukuza, na pesa aliyokwisha kuchanga hawakumrudishia. Sasa alipita na beseni lake la samaki wadogo wa sambaza bila kuitwa na mtu. Ndivyo njaa inavyotufanya: tukishindwa kumshika mwizi, tunamshika mnyonge. Virginie siku ile hakumtetea. Alitazama miguu yake.

Na leo zamu ilikuwa yake. Watoto aliwapeleka kwa bibi yao tangu adhuhuri. Mumewe alikwenda Shabunda kuchimba madini ya koltani, huu mwaka wa pili bila habari, lakini watoto hawajafukuzwa shule kwa kukosa karo hata siku moja. Mtaa mzima ulimsifu: mwanamke wa nguvu, huyo. Alikuwa amejipanga kuwangoja wezi peke yake. Ila jioni wenzake watatu walikuja bila kuitwa, na mikeka na rozari.

"Murudi kwenu," aliwaomba tena. "Munataka mukufe sababu yangu?"

"Shiye tuliteseka kila mutu na siku yake, peke yake," Martine alijibu. "Weye hautabaki peke yako."

Wema ule ulimchoma Virginie. Angependa wamchukie leo, leo tu, waende zao.

"Ao hii franga ya likelemba tuipeleke kwa Padiri?" Sophie aliuliza. "Kungali wakati kidogo mbele ya giza kuingia."

"Wakikosa franga watatafuta damu," Virginie alisema. "Iache pale."

Giza likaingia. Walipiga magoti, Virginie akiongoza sala, wenzake wakiitikia. Kila mbwa alipobweka, Virginie alipotea katikati ya Salamu Maria, ikabidi Colombe amrudishe. Waje, Virginie alikuwa akiomba moyoni. Waje wachukue, wapige wakitaka, yaishe. Kesho aamke kama wenzake walivyoamka. Aliogopa, lakini hilo ndilo aliloliomba, kwa nguvu zaidi kuliko maneno aliyoyatamka mdomoni.

Viatu vya jeshi vikasikika kwenye kokoto. Watu watatu, pengine wanne. Sala ikakatika.

Colombe alinyoosha mkono kuzima taa. Virginie akaushika mkono ule.

"Iache," alinong'ona. "Waone tuko na franga."

Mwanga wa kurunzi ukapenya kwenye nyufa za mbao, ukapita juu ya nyuso zao. Komeo likatikiswa. Martine alijifunika kitenge kichwani, na Sophie akaanza kulia bila sauti. Virginie alisimama, akaichukua bahasha, akaenda mpaka mlangoni akainyoosha mbele kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka kanisani. Wenzake walimtazama kwa mshangao. Ushujaa ule hawakuwahi kuujua.

"Ingieni," alisema. "Franga iko hapa. Ingieni."

Nje viatu vikasimama. Kisha sauti ya kijana ikauliza, "Chef, tuvunje?"

Mwingine akacheka, kicheko cha mtu aliyemtambua rafiki.

"Acha, weye uko mupya. Hapa iko kwa maman mwenye anatuonyeshaka manyumba. Huyu hatumuibiake."