Mikono Laini ya Mzee Mwiko

Paka alimaliza supu yote, akajilamba masharubu, na Mzee Mwiko akakaa ukingoni mwa kitanda akimsubiri afe.

Hakufa. Alipiga miayo, akajikunja juu ya kandambili za mzee, akalala usingizi wa mwenye nyumba. Haya, leo tumepona, mzee akajisemea. Ya kesho nani ayajuaye?

Jina la Mwiko alilipata kwenye majengo, kwa kuwa mwiko wa kupigia lipu haukumtoka mkononi tangu ujana. Nyumba hii aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, na humo ndimo alimomuuguza mkewe mpaka akamfumba macho. Alikwisha kuapa kwamba atatoka humo akiwa amebebwa. Mwanawe wa pekee, naye, alishapata mnunuzi, na mnunuzi hakuwa mtu wa kungoja.

"Tunakwenda ofisi ya ardhi kuhakiki makaratasi tu, baba," mwana alimwambia siku moja, akampakia garini. Huko karani alimbandika kidole gumba kwenye kioo cha mashine ya kusoma alama za vidole. Cha kulia, cha kushoto, tena cha kulia. Mashine ikakataa katakata, maana vidole vya fundi vilikuwa vimeliwa na saruji, vikavu, vimejaa nyufa kama lipu iliyokaukia juani. "Mzee, kwa mashine hii wewe hupo," karani akasema. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mwanawe hakucheka. Njiani kurudi alisema neno moja tu: "Hiyo nyumba itakuzika, baba."

Halikupita juma, mkwe, mke wa mwanawe, akahamia na begi lake na mtoto mgongoni. Alikuwa muuguzi kliniki ya ngozi, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, na kila mchana alileta supu ya moto kwenye bakuli lenye kifuniko. "Kunywa ikiwa moto, baba." Mzee akajua. Jamani, angekosaje kujua? Mkwe ambaye hata salamu alikuwa akituma kwa simu leo anamchemshia supu? Tangu siku hiyo akawa anakula mkate anaonunua mwenyewe dukani, na mayai aliyochemsha mwenyewe, kwani yai halitiwi kitu likiwa na ganda lake. Supu ilikuwa ya paka. Mzee akakonda, paka akanenepa.

Lakini mikono lilikuwa jambo jingine, na hapo mjukuu ndiye aliyemponza.

Kila mzee alipomshika shavu, mtoto alipiga kelele. "Si kwamba hakupendi, baba," mkwe akasema. "Mikono yako inamkwaruza. Hebu nione." Akaigeuza viganja juu, akaviangalia vidole kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayechambua mchele. "Unanawa kwa kitu gani?"

"Maji ya moto na sabuni ya kufulia. Ndiyo inayotoa saruji."

"Saruji ilishatoka siku nyingi. Sasa unatoa mafuta ya mwili wako mwenyewe."

"Mwanangu, ilichokula saruji hakirudi. Mimi ndiye fundi, usinifundishe."

"Ngozi si ukuta, baba. Ukiilisha, inazaliwa upya."

Akaanza kumlea kama mwari. Maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na manukato, kisha taulo, lakini bila kusugua: anagusagusa tu. Ngozi ingali na unyevu, anampaka mafuta ya mgando, anaingia mpaka kwenye nyufa, anasita kwenye vidole gumba. Halafu anamvisha glovu za pamba, mzee analala nazo mchana kama bwana harusi. Alitaka kuona aibu, ikashindikana. Tangu mkewe afariki hakuna mtu aliyemshika mikono, na machozi yalimlengalenga akageukia ukutani.

Nyufa zikazibika. Sugu zikalainika, zikabanduka. Na siku mzee alipompokea mjukuu, mtoto hakulia, bali alilaza shavu kwenye kiganja kile akasinzia. Mzee alikaa hivyo mpaka mkono ukafa ganzi, hakuthubutu kuuondoa.

Jioni hiyo nusura ainywe supu. Akaitazama, akaona haya kidogo, akamwita paka. Moyo ni moyo na tumbo ni tumbo. Fundi hakabidhi funguo kwa kusifiwa ukuta.

Mchana uliofuata mkwe alimpaka mafuta kama kawaida, akamvisha glovu, akafunga mapazia. Mzee, mwepesi kwa njaa, alipitiwa na usingizi mara moja. Alizinduka alipohisi glovu ya mkono wa kulia ikivuliwa, taratibu. Hakufumbua macho. Aliijua ile mikono ya mkwe, na kitambaa kilichokuwa kikimpangusa kidole gumba kilikuwa laini kiasi cha kumrudisha usingizini.

"Futa mafuta yote, yasiteleze," sauti ya mwanawe ilinong'ona.

Mzee akafumba macho zaidi, akabana midomo. Wanitilie kinywani sasa, aliwaza, nitawatemea. Meno akayauma kwa nguvu zake zote zilizobaki.

Hakuna aliyemgusa mdomo. Kidole chake kilikandamizwa kwenye kitu cha baridi, laini kama kioo, na kitu hicho kikalia mlio mfupi.

"Hongereni," akasema karani wa ofisi ya ardhi. "Safari hii mzee yupo."