Laini ya Pili

Fundi wa mtandao aligeuza kompyuta yake ili mshonaji aone mwenyewe. Ruta ilikuwa na njia mbili za kuunganisha.

"Ya kwanza ndiyo laini yenu. Imekatika tangu mwezi wa pili."

"Wacha we! Leo asubuhi tu wateja wamenitumia picha za magauni."

"Zimepitia hii ya pili. Imeandikwa 'Dada'."

Mshonaji aliduwaa. Dada yake aliishi upande wa pili wa ukuta, na tangu wagombanie kiwanja cha marehemu baba hawakusalimiana. Akimsikia tu akikohoa, huongeza sauti ya redio.

"Labda iliwekwa zamani."

"Hapana. Neno lake la siri lilibadilishwa wiki iliyopita, na mtu akaliandika upya humu humu ndani." Fundi alikuna kichwa. "Niifute?"

Humu ndani, nani? Mumewe alikuwa safarini. Binti yake alikuwa bwenini. Alibaki mama yake, ambaye akipigiwa simu huishika juu chini.

Mama alikuwa dirishani, akifumua pindo la gauni kwa sindano, uzi baada ya uzi. Mshonaji alimtazama yeye, akaitazama ruta, akamtazama tena. Kichwa kiligoma kabisa.

"Futa," alimwambia fundi, macho yakiwa bado kwa mama.

Sindano ilisimama.

"Basi niandikieni hilo neno la siri mahali nisilisahau, nije niliweke tena," alisema mama. "Herufi ya kwanza ni kubwa. Dada yako alinifundisha siku mbili nzima mpaka nikaweza."