Kochi Lenye Mikono Mirefu

"Hili kochi au sanduku?" mke wa fundi aliuliza, kashika kiuno katikati ya sebule. "Mbona mikono yake imepanda hivi?"

Fundi alicheka tu. Aliketi, akaegemeza mikono yake juu ya ile ya kochi, akajiinua taratibu huku akikisikilizia kiwiko cha kulia.

Miaka ile alipoanguka kutoka kwenye ngazi, mfupa uliunga vizuri, lakini kano zilibaki zimelegea. Tangu hapo, kila akijisukuma kutoka kwenye kiti, kiwiko huteleza kama mlango uliotoka bawabani, naye huuma meno. Ndiyo maana kochi hili, alilolitengeneza mwenyewe, alilipandisha mikono na kuipanua, ili mkono wa mtu ulale wote juu yake, kuanzia kiwiko mpaka kiganja.

Alisimama wima. Kiwiko kilitulia tuli.

Basi wakamleta mama yake fundi, ambaye siku hizi alikuwa hatoki chumbani. Alisema amechoka kunyanyuliwa makwapani kama gunia. Wakamkalisha kwenye kochi.

"Laini," alisema mama, akilaza mikono yake juu ya ile ya kochi.

"Lakini kitambaa, mume wangu! Kijani hiki umekitoa wapi?"

"Kijani kina kosa gani?"

"Kwani hukuona cha kahawia?"

Wakabishana hapo dirishani, wakivutana kipande cha kitambaa kilichobaki, mpaka wakasahau maziwa yaliyokuwa motoni jikoni.

"Nyie endeleeni tu," sauti ya mama ilitokea huko. "Maziwa nimeshayaepua."

Wakageuka wote wawili. Kochi lilikuwa tupu.